Kiwanja cha kwanza, vyumba vya kwanza: mwongozo kwa anayeanza kuwekeza Mbeya, Iringa na jirani zake

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nina milioni sita, ninunue kiwanja sasa au nisubiri? Uyole au Mbalizi? Karatasi ya serikali ya mtaa inatosha, au lazima hati? Nijenge vyumba vya wanafunzi au fremu? Nimeyapanga majibu kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda, kuanzia mfukoni mpaka kwa mpangaji.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mtu anayeanza, sehemu kubwa ya faida au hasara yake huamuliwa siku anapolipia ardhi. Nyumba iliyojengwa vibaya hurekebishwa. Kiwanja kilichouzwa na mtu asiye mwenye nacho hakirekebishiki kwa saruji. Ndiyo maana hatua za kununua hapa ni ndefu na za ujenzi ni fupi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA na TIN. Bila hivyo utakwama kwenye uhamisho.
- Pesa ya kiwanja, na juu yake akiba ya kama asilimia 10 hadi 15 ya bei. Hiyo ni ya wakili, mpimaji, upekuzi (kukagua rekodi za kiwanja ofisi ya ardhi), ushuru wa stempu na usajili. Wengi hulipa bei yote, kisha karatasi zinakaa kabatini miaka kwa kukosa pesa ya kuhamisha jina.
- Pesa usiyoihitaji kwa miaka mitatu hivi. Ada ya mtoto na pesa ya mbolea zisiingie humu. Mkopo wa kausha damu usiingie kabisa. Riba yake inadai kila wiki, wakati kiwanja hakitakulipa hata senti mwaka wa kwanza.
- Wakili wako mwenyewe, siyo wa muuzaji wala aliyeletwa na dalali. Pia mpimaji ardhi aliyesajiliwa.
- Ridhaa ya mwenza wako, kama umeoa au umeolewa. Ununuzi wa siri huibuka baadaye, na huibuka vibaya.
- Mabuti ya mvua. Utaona kwenye hatua ya 3.

Kama pesa bado haijatimia, iweke SACCOS ya kazini au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ikue huku ukiendelea kutembelea maeneo. Kutembelea na kuuliza bei hakuhitaji mtaji.

Hatua kwa hatua

1. Amua mpangaji wako ni nani, ndipo utafute kiwanja.

Watu wengi huanza na kiwanja cha bei rahisi, halafu wanatafuta nani atakaa pale. Geuza mpango huo.

Mwanafunzi wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, atataka geto la kutembea kwa miguu mpaka chuoni, upande wa Iyunga. Iringa hivyo hivyo: vyuo vya Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa hulisha soko la vyumba vya Kihesa na mitaa ya jirani. Wanafunzi wapo wengi na hawachagui sana, lakini chuo kikifungwa katikati ya mwaka chumba kinaweza kulala miezi miwili mitatu. Hesabu hilo.

Muuguzi, mwalimu, karani wa benki au mfanyabiashara wa Mwanjelwa hukaa mwaka mzima na hulipa zaidi, ila atataka choo cha ndani, maji ya uhakika na geti. Makambako ni njia panda ya barabara kuu na ya kwenda Njombe na Songea, hivyo fremu na gesti hupata wateja wa safari. Tunduma ni mpaka, na biashara yake inafuata malori. Mafinga inafuata mbao.

Kwa anayeanza napendekeza vyumba vya kuishi, tena vichache. Fremu hulipa vizuri pale barabara inapokuwa na watu, lakini fremu tupu haina mtu wa kuikimbilia, wakati chumba tupu ukishusha kodi kidogo kitapata mtu.

2. Piga hesabu kwenye karatasi.

Huu ni mfano tu, weka bei za mtaa wako. Tuseme kiwanja pamoja na gharama za uhamisho ni milioni 6, na nyumba ya vyumba vinne vya singo mpaka kukamilika ni milioni 24. Jumla milioni 30. Kila chumba kinatoa 50,000 kwa mwezi, yaani 200,000 kwa vyumba vinne, sawa na 2,400,000 kwa mwaka.

Sasa toa. Kila chumba kikae tupu mwezi mmoja kwa mwaka: 200,000. Matengenezo ya vitasa, mabomba, rangi na choo: 250,000. Kodi ya ardhi na ya jengo, pamoja na usafi na mtu wa kuangalia: 150,000. Inabaki 1,800,000 kabla ya kodi ya mapato, ambayo ni asilimia 6 ya pesa uliyoweka. Pesa yako itarudi kwa kodi ya vyumba peke yake baada ya miaka 16 na zaidi.

Usikate tamaa kwa namba hiyo. Ardhi nayo hupanda thamani pale mji unapoisogelea. Ila mtu akikuahidi kwamba utarudisha pesa ndani ya miaka mitatu, mwombe akuandikie hesabu kama hiyo hapo juu, mstari kwa mstari.

3. Kiangalie kiwanja wakati wa mvua.

Nyanda za juu mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Dalali hupenda kukupeleka Agosti, ardhi ikiwa kavu na upepo mzuri. Nenda Machi. Kama umekipata kiangazi na huwezi kungoja, waulize watu wa pale, kisha tafuta alama za maji kwenye kuta za nyumba za jirani na mitaro iliyochimbwa na maji yenyewe.

Angalia haya:

- Je, bajaji au gari dogo linafika mpaka kwenye kiwanja siku ya mvua? Lisipofika, tripu ya mchanga nayo haitafika, na mpangaji mzuri ataondoka masika ya kwanza.
- Maji ya mlimani yanapita wapi? Mbeya imezungukwa na milima. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere liliporomoka na kufukia nyumba kata ya Itezi. Kiwanja kilicho chini ya mteremko mkali, hasa mteremko uliofyekwa miti, kiache hata kikiwa cha bure.
- Mto au kijito kiko umbali gani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kuna viwanja vinauzwa humo humo kila siku.
- Barabara kuu je? Hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara ya Tanzania–Zambia inayopita mjini inapanuliwa, kwa hiyo alama ya X ukutani kwa jirani ni habari yako pia. Njia za umeme mkubwa na reli ya TAZARA nazo zina hifadhi zao.
- Bomba la Mbeya-WSSA au IRUWASA na nguzo ya TANESCO viko mita ngapi? Pima kwa hatua zako. "Maji yanakuja mwakani" usiilipie.

4. Jua unanunua ardhi ya aina gani.

Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais ni mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo huja kwa sura tofauti.

Kiwanja kilichopimwa chenye hati kina namba na kitalu, na muda wake ni miaka 33, 66 au 99. Hiki ndicho napendekeza kwa anayeanza, hata kama ni kidogo na bei yake iko juu.

Kiwanja kilichopimwa ambacho hati haijatoka kinanunulika, ila hakikisha muuzaji ndiye aliyeandikwa kwenye ofisi ya ardhi, na mkataba useme nani atalipia hati.

Eneo lisilopimwa lina karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu. Nunua ukiwa umeshakwenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri kuuliza eneo limepangiwa nini. Watu wamejenga juu ya eneo la shule na la wazi huku wana karatasi yenye muhuri. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anakaa wapi. Umiliki hautoki kwake.

Ardhi ya kijiji, kama maeneo mengi ya nje ya Mbalizi, Rungwe au Kilolo, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hapo halmashauri ya kijiji lazima ihusike, na karatasi yake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Asiye mwanakijiji asinunue kwa kupeana mikono na mzee mmoja chini ya mparachichi.

5. Pekua kabla ya kutoa hata shilingi.

Chukua nakala ya hati au namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, omba upekuzi rasmi na ulipe kwa kumbukumbu namba ya serikali. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Linganisha jina hilo na NIDA ya anayekuuzia, herufi kwa herufi. Uliza pia kodi ya ardhi imelipwa mpaka mwaka gani, maana deni linafuata kiwanja.

Soma masharti ya hati nayo. Matumizi ni makazi, biashara au vyote viwili? Ukitaka kujenga fremu kwenye kiwanja cha makazi, kwanza uombe kubadili matumizi. Angalia pia sharti la kuendeleza. Hati nyingi hutoa miezi 36.

Hapa kuna makosa mawili ninayoyaona mara kwa mara huku kwetu.

La kwanza ni ardhi ya marehemu. Kijana anauza shamba la baba, anasema ndugu wote wanajua. Dai hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, yenye jina la anayeuza, pamoja na muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi. Asipokuwa nazo, mwambie kwa heshima utarudi akizipata.

La pili ni mwenza asiyesaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwone mwenza huyo mwenyewe, zungumza naye, asaini mbele ya wakili. Usikubali "ameshaniruhusu, yuko Tukuyu kwenye msiba".

6. Tafuta mawe ya mipaka, kisha keti na majirani.

Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya zege pembeni, maarufu kama bikoni, na kila moja lina namba yake. Mengi yamefunikwa na majani au udongo, hivyo nenda na jembe na mtu wa kufyeka. Usafishe uso wa jiwe mpaka namba isomeke, na mpimaji wako ailinganishe na ramani ya upimaji. Jiwe lenye udongo mpya uliotifuliwa pembeni yake lina maswali ya kujibu. Usitegemee ramani ya simu. Inaweza kukosea mita kadhaa, na mita tatu kwenye kiwanja kidogo ni chumba kizima.

Halafu jirani. Nenda jioni bila dalali, piga hodi.

"Shikamoo mama. Nataka kununua hapa kwa jirani yako, nimekuja nikufahamu kwanza."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hapo? Hilo jiwe la juu mbona lilikuwa kule kwenye mti, lilihamia mwaka jana."

Sentensi moja kama hiyo inaokoa pesa kuliko karatasi kumi. Uliza majirani wa pande zote, na uwaombe wawe mashahidi siku ya kusaini. Anayekataa kuwa shahidi mwulize kwa nini.

7. Mkataba na malipo.

Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili na uwe na: majina kamili na namba za NIDA, maelezo ya kiwanja na mipaka, bei kwa tarakimu na maneno, ratiba ya malipo, nani analipa kodi gani, na nini kitatokea muuzaji asipohamisha. Mwenza asaini. Majirani wasaini. Serikali ya mtaa ijue.

Pesa ipitie benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji. Gawa malipo: sehemu siku ya kusaini, na sehemu ya maana ibaki mpaka nyaraka za uhamisho zikamilike. Muuzaji anayedai zote taslimu leo kwa sababu "kuna mtu mwingine anakuja saa tisa", mwache auziane na huyo wa saa tisa.

Dalali alipwe baada ya kazi. Hela ya "kushikia kiwanja" usimpe. Na ofisi yoyote ya umma ikikudai malipo, omba kumbukumbu namba na risiti.

8. Hamisha jina mara moja.

Kwa kiwanja chenye hati, njia ni hii: mthamini anatoa ripoti ya thamani; TRA inakokotoa kodi ya faida inayotokana na mauzo ya ardhi, ambayo kisheria ni ya muuzaji; fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zinajazwa; Kamishna wa Ardhi anaidhinisha; unalipa ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1 ya thamani, na ada ya usajili; hati inarudi na jina lako.

Wauzaji wengi wanataka "bei ya mkononi", yaani mnunuzi abebe kodi zote. Ukikubali, iandikwe, na uipunguze kwenye bei. Usidanganye bei ili kodi ipungue. Siku ya mgogoro utaweza kudai kile tu kilichoandikwa.

9. Jenga kwa msimu na kwa awamu.

Omba kibali cha ujenzi halmashauri kwanza. Tofali za kuchoma nunua kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, wakati tanuri zinawaka. Mvua ikianza zinaadimika. Msingi uchimbwe na kufungwa kabla ya Novemba. Kwenye mteremko usibane pesa ya mawe na ya ukuta wa kuzuia udongo.

Ushauri wangu mkubwa: maliza vyumba viwili kabisa, vipate wapangaji, ndipo uendelee na vingine viwili. Mitaa yetu imejaa maboma ya vyumba sita ambayo hayajapauliwa, mvua inakula tofali mwaka hadi mwaka. Pesa imelala pale bila kuzaa.

Usisahau baridi. Juni na Julai mpangaji wa Mbeya, Mafinga au Njombe anachagua chumba chenye dari na madirisha ya vioo yanayofunga vizuri kuliko chenye rangi nzuri. Mbao za kupaulia ziwe zimetiwa dawa.

10. Pangisha kwa maandishi.

Mkataba mfupi, hata ukurasa mmoja: kodi, tarehe, taarifa ya kuhama, nani analipa maji, idadi ya watu chumbani. Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme, au mita ndogo ya kugawia. Ugomvi wa LUKU ya pamoja unafukuza wapangaji wazuri kwanza, wabaya wanabaki.

Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi ya ardhi unailipa mwenyewe kila mwaka. Mapato ya pango nayo yanatozwa kodi, hivyo nenda TRA mapema. Ukipangisha fremu au ofisi, mpangaji mwenye biashara hukata asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA. Kubalianeni kabla, na akupe uthibitisho wa malipo.

Ukikwama

*Muuzaji amepokea pesa, hapokei simu.* Mwandikie barua kupitia wakili haraka, na uombe zuio liwekwe kwenye kiwanja ili asiuze mara ya pili. Pesa iliyopita benki ndiyo ushahidi wako.

*Amejitokeza ndugu anayedai ardhi.* Simamisha ujenzi siku hiyo hiyo. Baraza la kata litasuluhisha. Mkishindwana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuendelea kujenga usiku kunaongeza hasara yako tu.

*Jirani amesogeza mpaka.* Mwite mpimaji arudishe mawe kwa vipimo, jirani na serikali ya mtaa wakiwepo. Msigombane kwa panga na kamba.

*Chumba kimekaa tupu zaidi ya miezi miwili.* Zunguka uone jirani anatoza kiasi gani na chumba chake kina nini. Mara nyingi tatizo ni maji, choo au njia ya tope. Tripu mbili za kifusi cha changarawe kwenye njia zinaweza kufanya kazi kuliko kushusha kodi.

*Mpangaji halipi.* Mpe taarifa ya maandishi, yenye tarehe, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Usimng'olee mlango wala bati. Ukifanya hivyo, mwenye kosa mbele ya baraza unakuwa wewe. Pokea nusu akiwa nayo, mwandikishe siku ya kulipa iliyobaki, na mkataba wake ukiisha usiuongeze.

*Pesa imeisha ujenzi ukiwa kwenye lenta.* Funika vichwa vya kuta kwa saruji nyepesi ili maji yasiingie katikati ya tofali, weka mtu wa kulinda nondo na mbao, na usubiri msimu ujao.